Matone 42 kwa Dakika

Dripu ya lita moja, iishe kwa saa nane, mpira wake unatoa matone 20 kwa kila mililita. Ni matone mangapi kwa dakika?

Swali hilo nilimuuliza dada yangu usiku ambao stima zilikuwa zimepotea Isebania nzima. Tulikuwa tumekaa nyuma ya duka la mama, kati ya gunia la maharagwe na mitungi ya mafuta ya kupikia iliyotoka upande wa pili, tochi ya simu yangu nimeiegemeza kwenye mizani. Alijibu hata kabla sijamaliza kusoma. 42. Nikafungua nyuma ya daftari nione. 41.67, ukikadiria inakuwa 42.

"Manze, umetoa wapi haraka hivyo?"

"Nimehesabu hayo matone kwa saa ya mkono wodini mpaka nikayaota. Leta lingine."

Nikaleta lingine. Tukaendelea hivyo karibu miezi mitatu, kila usiku kuanzia saa tatu duka likifungwa mpaka saa tano. Saa tano yeye alienda kulala na mimi nikaanza kazi yangu. Hiyo kazi yangu nitaifikia.

Kwanza mtihani wenyewe. Kenya, ukimaliza chuo cha uuguzi bado hujawa muuguzi. Umesoma miaka mitatu na zaidi, umelala macho wodini, umefanya mitihani ya chuo ukafaulu, nyumbani wamekuchinjia kuku. Halafu unasubiri mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Usipoufaulu huo huna usajili, na bila usajili huna leseni, na bila leseni sheria, ile Sura ya 257, haikuruhusu kufanya kazi ya uuguzi popote nchini. Kuna maswali ya kuchagua jibu, kuna ya kujibu kwa ufupi, na kuna yale marefu ambayo yanaanza na "Mama wa miaka 24 ameletwa hospitalini..." na kuanzia hapo huyo mama ni wako.

Dada yangu alikuwa ameufanya mara moja akaanguka. Karatasi iliyomwangusha ilikuwa ile ya ukunga, na ukitaka kujua jinsi hilo lilivyouma, jua kwamba ukunga ndio ulimpeleka chuoni. Alikuwa amezalisha akina mama kwa mikono yake, chini ya usimamizi, na alikuwa na kitabu kilichopigwa mihuri kuthibitisha. Kwenye karatasi alichanganyikiwa na saa. Alitumia muda wote kwa swali moja refu, akaandika kila kitu alichojua kuhusu patografu, na kengele ikalia kurasa mbili zikiwa tupu.

Kuanguka mtihani ukiwa Nairobi ni siri yako. Isebania ni habari ya mtaa. Majirani walikuwa wameshaanza kumwita daktari. Wa chama cha mama walikuwa wameshamuuliza bei ya kuchoma sindano. Yule kijana wa bodaboda pale stendi alimbeba bure mwezi mzima kwa sababu mke wake alikuwa na mimba ya miezi saba na alikuwa anapanga mapema. Baada ya matokeo, hakuna aliyemsema vibaya usoni. Waliacha tu kumwita daktari. Siku moja nikasikia yule wa bodaboda akimwambia, "Siz, ni shilingi hamsini leo."

Akakunja sare yake nyeupe akaiweka kwenye sanduku la bati, akaanza kuuza dukani na mama.

Sasa mimi. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, nikiwa nasoma uchumi. Watu huniuliza kama niliacha au niliachwa, na jibu ni kwamba karo iliisha kabla ya muhula. Nilirudi nyumbani na laptopu ya mkono wa pili na kitu kimoja ambacho Nairobi ilinifundisha vizuri: jinsi ya kuandikia watu wengine kazi zao za chuo. Kama umekaa hosteli yoyote ya Kenya miaka hii kumi hivi, unaijua hiyo biashara. Mwanafunzi Marekani au Uingereza anaweka oda, mwenye akaunti anaichukua, mimi ninayekodi kiti kwenye hiyo akaunti naandika. Nililipwa shilingi 350 kwa ukurasa. Kuna filamu imetoka kuhusu sisi mwaka 2024, *The Shadow Scholars*, ambapo Profesa Patricia Kingori, Mkenya anayefundisha Oxford, anatutafuta. Nilipoisikia niliona aibu na fahari zikija pamoja, na sijawahi kuzitenganisha.

Mama alijua nafanya "kazi ya kompyuta". Hakuuliza zaidi, kwa sababu kazi ya kompyuta ilinunua friji.

Tangu mwisho wa 2022, ChatGPT ilipotoka, oda zilipungua kama mvua ya Januari. Mambo ya historia na masoko yakaisha kabisa, wanafunzi wakaanza kujiandikia na mashine. Zilizobaki ni zile ambazo mashine ilikuwa inazivuruga, au ambazo mwalimu wao alitaka ziwe na vipengele vingi. Na nyingi kati ya hizo, kwa sababu ambazo nilikuja kuzielewa baadaye, zilikuwa za uuguzi. Mwanafunzi wa uuguzi Marekani mara nyingi ana kazi ya usiku na watoto na zamu za hospitali, na bado anadaiwa kurasa nane kila wiki. Kwa hivyo mtu aliyesomea bei na mahitaji, anayekaa mita chache kutoka kwa foleni ya malori ya Sirari, alikuwa ameandika mipango ya huduma ya wagonjwa kwa miaka miwili. Nilikuwa na mtindo. Tathmini, utambuzi, mpango, utekelezaji, upimaji. Marejeo mtindo wa APA. Ningeweza kukuandikia kuhusu vidonda vya kitandani huku nikila.

Sijawahi kushika mgonjwa maishani mwangu. Nikiona damu naketi chini.

Dada aliponiomba nimsaidie kurudia mtihani, alifikiri namfanyia hisani ya kaka mdogo anayejua kusoma Kiingereza kwa sauti. Na ada ya mtihani nililipa mimi. Alinishukuru kwa mikono miwili, akanambia ameniandika kwenye daftari la madeni. Nikasema sawa.

Ule usiku ninaotaka kuusimulia ulikuja wiki ya tano.

Tulikuwa kwenye kifafa cha mimba. Kama hujui, ni ile hali ya presha ya mama mjamzito kupanda mpaka akaanza kutetemeka mwili mzima kama mtu mwenye kifafa, na huua. Dawa yake ni magnesiamu salfeti. Inaokoa, lakini ikizidi mwilini inazima mambo kwa mpangilio: kwanza goti linaacha kurusha mguu ukiligonga, halafu pumzi zinapungua, halafu moyo. Ndiyo maana kabla ya kila dozi nesi anaangalia vitu vitatu: goti linajibu, pumzi si chini ya 16 kwa dakika, mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa. Haya yote nayajua sasa. Ule usiku nilikuwa nasoma tu.

"Mama yuko kwenye magnesiamu. Pumzi ni 10 kwa dakika. Goti halijibu. Unafanya nini?"

"Nasimamisha dawa. Naita msaada. Namsaidia kupumua." Alikuwa amefumba macho, mkono mmoja hewani kana kwamba anashika kitu. "Nampa kalsiamu glukoneti, gramu moja, kwenye mshipa, polepole."

Nilinyamaza.

"Nimekosa?"

"Hapana. Si... si naloksoni?"

Alifungua macho akacheka. "Naloksoni ni ya mofini, wewe. Ukimpa huyu naloksoni unamzika."

Akaacha kucheka kabla yangu, kwa sababu mimi sikucheka. Dada yangu amenilea mgongoni. Nikidanganya hujua kwa jinsi ninavyomeza mate. Akauliza mbona, nikasema basi tu, akauliza tena mbona, nikafungua laptopu.

Ilikuwa oda ya wiki mbili nyuma. Kurasa saba. Mama wa miaka 31, mimba ya wiki 34, presha imepanda. Nilikuwa nimeandika vizuri, kusema kweli. Sentensi zilitembea. Na kwenye ukurasa wa tano, katikati ya aya moja nzuri kuhusu usalama wa mgonjwa, niliandika kwamba dawa hiyo ikizidi, nesi awe na naloksoni karibu na kitanda. Nilichanganya na oda nyingine ya mtu aliyefanyiwa upasuaji. Ilikuwa saa kumi usiku, nilikuwa na oda nne.

Alisoma kurasa zote saba. Tochi ilianza kufifia, akaisogeza karibu.

"Kiingereza kizuri," akasema. Halafu: "Alipata ngapi?"

"92."

"Mwalimu hakuona?"

"Alimkata alama kwa marejeo. Nilisahau mwaka."

Nje lori lilipiga honi ndefu, nyingine ikajibu kutoka Sirari. Akauliza kama huyo msichana amemaliza shule. Nikamwambia sijui kama ni msichana. Hatujuani majina, kuna namba tu. Sijui yuko jimbo gani. Sijui kama sasa hivi, huko kwao ikiwa mchana, yuko darasani au yuko wodini na mtu amelala mbele yake.

Nilijitetea, bila shaka. Nilimwambia kwamba hizo insha si chochote, ni karatasi, kwamba huyo mtu hawezi kugusa mgonjwa peke yake mpaka afanye NCLEX, mtihani wao wa leseni. Nilikuwa naujua, nilikuwa nimeuandikia hata insha. Unafanywa kwenye kompyuta, na kompyuta inakusoma: ukijibu sawa inakupa swali gumu zaidi, ukikosa inashuka, na inaendelea mpaka iwe na uhakika kama wewe ni salama au si salama. Maswali 85 ukiwa na bahati, 150 kama bado haijaamua, saa tano. Huwezi kumtuma mtu wa Isebania akufanyie. Hicho ndicho chujio, nikamwambia. Insha zinapita, mtu hapiti.

"Mimi chujio lilinikamata," akasema.

Sikuwa na jibu la hilo.

Baadaye nilitafuta mwenyewe kuhusu chujio, kwa sababu lilinisumbua. Januari 2023 serikali ya Marekani ilifichua mtandao wa shule za uuguzi Florida uliokuwa umeuza diploma bandia zaidi ya 7,600. Watu 25 walishtakiwa. Walionunua walienda nazo kufanya mtihani wa leseni, na takriban 2,400 kati yao wakafaulu. Nimeigeuza hiyo namba pande zote. Upande mmoja inasema mtihani unapitisha watu wasiosoma shule. Upande mwingine, wengi wa hao walikuwa tayari wanafanya kazi za uuguzi wa ngazi ya chini, labda walijua kazi, walichokosa ni karatasi. Na dada yangu aliyejua kazi na kuwa na karatasi halali ya chuo alikuwa anauza sukari ya robo. Ukitaka nikupe hukumu hapa, sina.

Ule usiku hatukugombana. Ningependa tungegombana. Alifunga laptopu kwa upole sana, akasema, "Ada ya mtihani ilitoka hapa."

"Ndiyo."

"Na imeshalipwa."

"Ndiyo."

Akakaa. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu anayeenda kanisani Jumatano na Jumapili: "Hizo za uuguzi, kabla ya kutuma, niletee nione."

Ndiyo hivyo ilivyoanza. Kila oda ya uuguzi ilipita kwake kwanza. Aliisoma dukani mchana kati ya wateja, kwenye simu yangu, akinitumia ujumbe wa sauti na nyuma yake mtu akiulizia kiberiti. *Hii dozi umeandika ya mtu mzima na mgonjwa ni mtoto. Hapa umesema mlaze chali, usimlaze chali, ana mimba ya miezi nane, mlaze kwa ubavu wa kushoto. Hapa umeandika mhimize mgonjwa abonyeze kengele ya kitandani.* Hiyo ya kengele ilimchekesha siku nzima. Wodi aliyofanyia mazoezi, alisema, kuna usiku kitanda kimoja kilikuwa na mama wawili na watoto wao wawili, na kengele ilikuwa ni huyo mama mwingine kupiga kelele.

Na alikuwa anasoma kwa njia hiyo kuliko kwa maswali yangu. Kusahihisha makosa yangu kulimfundisha kuandika jibu refu kwa mpangilio bila kuzama. Alijifunza kuanza na kinachoua kwanza: njia ya hewa, pumzi, damu, mengine baadaye. Alianza kujiwekea saa. Kwa hivyo Wamarekani wale walipata insha bora, nami nikapata malipo ya ziada kidogo, na yeye akapata alichokosa mara ya kwanza. Kila mtu alifaidika, ukiacha swali la kama ilikuwa sawa, na hilo tuliliacha.

Katikati ya hayo kliniki moja ya watu binafsi ilimtumia neno. Wangempa kazi mara moja, leseni ataleta akiipata, avae tu koti jeupe. Pesa si nyingi, lakini pesa. Mama alitaka aende. Mama anahesabu kwa gorogoro, na mwezi huo mahindi yalikuwa hayaendi. Dada alikataa, mama akanuna siku nne, wali ukapikwa bila chumvi.

Nilimuuliza kwa nini, maana anajua kazi. Alikuwa anafua. Hakuinua kichwa. "Nikishika mgonjwa bila leseni, mimi na huyo wako wa 92 tuna tofauti gani?"

Tulipanda matatu ya saa kumi na moja alfajiri kwenda Kisii. Barabara hiyo inapanda kutoka mpakani kupitia Mabera, Migori, Awendo na miwa yake, Rongo, halafu inaanza vilima vya Gusii na baridi yake. Nilibeba daftari. Alikataa lisifunguliwe mpaka Migori, halafu akalitaka mwenyewe. Nikaanza kumuuliza kwa sauti ya chini, lakini ndani ya matatu hakuna sauti ya chini, na mama mmoja mzee aliyekuwa na beseni la omena magotini aligeuka kutusikiliza kana kwamba ni mahubiri.

"Mtoto amezaliwa halii, amelegea," nikasoma.

"Namkausha, namfunika, namsugua mgongo. Nasafisha mdomo kama kuna uchafu. Asipopumua, ndani ya dakika moja nampa hewa kwa mfuko na barakoa."

"Sisi tulikuwa tunampiga matako," akasema yule mama.

"Siku hizi hapana, mama. Tunasugua."

"Na analia?"

"Wengi wanalia."

Yule mama alifikiria hadi Awendo. Akashuka, akampa dada yangu mkono, akasema Mungu akubariki daktari. Dada aligeuza uso dirishani, na hakutaka swali lingine mpaka Kisii.

Langoni walikagua vitambulisho. Simu haziingii, kwa hivyo aliniachia yake, na saa ya mkono akabaki nayo. Niliketi kibandani ng'ambo ya barabara na chai na mandazi mawili. Nilikuwa nimejiambia siku hiyo sifanyi kazi. Saa nne asubuhi oda ikaingia: sababu za wazazi kuchelewesha chanjo za watoto, kurasa sita, saa nane.

Nauli ya kurudi ilikuwa imebaki shilingi mia mbili pungufu. Nikaichukua.

Niliandika kwa simu, kidole gumba kimoja, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sikuhitaji kutafuta. Nilijua hii. Chanjo ya malaria ilizinduliwa Kenya huku kwetu, Homa Bay, Septemba 2019, na Migori ikawa kati ya kaunti za mwanzo. Mtoto alipaswa kudungwa miezi sita, saba, tisa, halafu ya nne akifika miezi 24, na hiyo ya nne ndiyo wazazi husahau, maana mtoto wa miaka miwili hachukuliwi kliniki tena, anatembea, anaonekana mzima, na kliniki iko mbali. Dada alinieleza hayo tukipanga mikebe ya majani chai. Niliandika aya nzima, na ilikuwa aya bora niliyowahi kuandika kwenye kazi hiyo, kwa sababu ilikuwa kweli na nilikuwa nimeisikia kwa mtu.

Kisha nikaisoma tena na kuifuta. Mwanafunzi wa Ohio hawezi kuijua Homa Bay hivyo. Mwalimu angeuliza. Nikaweka kitu kuhusu mitandao ya kijamii na kutoaminiana.

Alipotoka jioni hakuniambia maswali, na sikuuliza, wanakatazwa. Alikula mandazi langu lililobaki. Tulilala kwa shangazi, asubuhi akarudi kwa karatasi nyingine, na alipomaliza yote akasimama nje ya lango akinyoosha vidole vyake kimoja kimoja.

"Hakuna aliyeniuliza matone," akasema.

Halafu kungoja. Sitasema mengi kuhusu kungoja. Kipindi hicho tulizungumza sana kuhusu ng'ambo, kama kila nesi kijana ninayemjua. Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza Julai 2021 ili wauguzi waende kufanya kazi huko, na mwaka 2022 waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema kati ya wauguzi 300 waliotaka kwenda, waliofaulu mtihani wa Kiingereza ni 10. Nchi nzima ilicheka au ilikasirika. Mimi nilifikiria vijana wangapi wa Kenya usiku ule walikuwa wameamka wakiwaandikia Waingereza Kiingereza chao. Dada aliniangalia akasema, "Ningekutuma wewe." Nikamwambia hilo silifanyi. Akasema anajua, alikuwa anatania. Lakini tulikaa kimya kidogo.

Matokeo yalitoka Alhamisi. Anayeishi Isebania anajua simu hapa haina uraia: unasimama mlangoni uko Kenya, unasogea hadi kaunta inakukaribisha Tanzania na bandoli zako haziingii. Tulitembea na ile simu duka zima tukiinua juu kama watu wanaotafuta mbwa. Ukurasa ulifunguka nusu, ukakwama, ukarudi mwanzo. Hatimaye ulifunguka karibu na ngazi ya nje, chini ya ndizi zilizoning'inia, na yeye akausoma kwanza, kisha akanipa niusome, kisha akaunyakua akausoma tena.

Alikuwa amefaulu.

Mama alikuwa anampimia mteja maharagwe. Hakuacha. Alipima gorogoro la nne, la tano, la sita, na mteja alikuwa ameagiza matatu. Mteja alinyamaza. Mwishowe mama akaketi juu ya gunia na mkebe mkononi.

Jioni hiyo yule wa bodaboda alipita akapiga honi. "Daktari!" Mtoto wake tayari anakaa.

Wiki hiyohiyo mwenye akaunti alinitumia ujumbe aliopata kutoka kwa mteja, ule wa namba ya kifafa cha mimba. Amefaulu NCLEX. Aliweka alama nyingi za mshangao na nyota tano. Anaanza kazi wodi ya wazazi mwezi ujao, na anashukuru sana, asingefika bila sisi. Mwenye akaunti alifurahi. Nyota tano zinaleta wateja. Nimeuhifadhi ule ujumbe. Sijamwonyesha dada, ingawa nadhani kuna siku atauliza.

Kulikuwa na ada ya usajili, kisha ada ya leseni. Safari hii alikataa pesa zangu, kwa upole uleule aliofungia laptopu. Alikopa chama cha mama. Na leseni ilipopatikana, nilimpelekea oda mpya kama kawaida, kurasa tano, akaniangalia, akanirudishia simu bila kuigusa skrini.

"Sasa nina jina pale," akasema. "Siwezi tena."

Bado hajapata kazi. Amepeleka barua Kehancha, Migori, mpaka Rongo. Sare imetoka sandukuni, imepigwa pasi, imening'inia mlangoni kwake, na tunaipita tukienda kuoga.

Usiku wa juzi nilikuwa na oda ya mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Saa nane usiku, zimebaki saa mbili. Ukuta kati ya chumba changu na chake ni mbao nyembamba. Hata akigeuka nasikia. Nilifika mahali pa oksitosini na nikawa najua jibu, nilikuwa nalijua kabisa, uniti 10, kwenye msuli, ndani ya dakika moja mtoto akishatoka. Lakini nilitaka kulisikia.

"Dada," nikaita polepole. "Ni uniti kumi, si ndiyo?"

Kitanda chake kililia. Nikangoja, vidole vikiwa juu ya herufi.